Kitasa Kilipozunguka

Kwa miezi saba shangazi alikuwa hali wala halali kwa ajili ya filamu moja ya katuni, dakika nne tu, isiyo na neno hata moja. Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Sungura mdogo yuko peke yake chumbani, mvua inanyesha, anamsubiri baba yake. Mwishoni kitasa cha mlango kinazunguka polepole, na sungura anasimamisha masikio. Kitasa hicho shangazi alikichora zaidi ya mara mia mbili. Kwa kuwa hakuna wa kusema lolote, furaha yote ilibidi iingie pale.

Binti wa kaka yake, waliyemwita Kidoti kwa alama iliyokuwa shavuni mwake, alikuwa na miaka minane. Mama yake hakuwapo tena duniani, na baba alishinda kazini. Basi kila akitoka shule alikaa studio kwa shangazi mpaka saa kumi, kisha akapanda ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo kwa mwalimu wa tuisheni, mzee mstaafu mwenye salamu ndefu na shati lililonyooka kwa pasi. Wazazi walikuwa wakimgombania.

Alasiri moja shangazi akamwita. "Njoo uwe mtazamaji wangu wa kwanza. Ukiona inachosha sema tu, sinuni."

Kidoti akakaa kitini, miguu ikining'inia. Sungura alipokanyaga sikio lake mwenyewe akaanguka, mtoto alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha kitasa kikaanza kuzunguka.

Shangazi alikuwa akimtazama usoni, akingoja tabasamu. Halikuja. Mtoto aliteleza kutoka kitini bila sauti, akajipenyeza chini ya meza katikati ya nyaya, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Shangazi akaizima filamu, akapiga magoti. "Nini tena, mwanangu? Huyo ni baba yake, amerudi nyumbani."

"Siyo baba," Kidoti akanong'ona. "Anakuja kumuuliza tena. Akikosa anafungiwa tena."

"Nani anafungiwa?"

"Sungura." Akameza mate. "Na mimi. Kwenye kabati la vitabu. Mwalimu anasema nikilia hewa itaisha upesi."

 Shangazi akatupia jicho saa ya ukutani: saa kumi kasoro dakika nane. Akainuka, akafunga mlango kwa ufunguo, akampigia kaka yake.

"Kaka, njoo studio sasa hivi."

"Dada, niko katikati ya kazi. Kuna nini?"

"Njoo tu. Nitakueleza ukifika."

Saa kumi ikafika, ikapita. Viatu vikasikika vikishuka ngazi, bila haraka yoyote. Vikasimama mlangoni. Kitasa kikazunguka, kikakwama, kikazunguka tena, na shangazi, mtu mzima na akili zake, akajikuta ameshikilia ukingo wa meza.

"Hodi humu! Mwanafunzi wangu amechelewa leo."

"Leo haji, mwalimu."

"Mtihani uko wiki mbili tu mbele, mama. Mtoto akidekezwa ataharibika. Nifungulie niongee naye mara moja."

Sauti ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayeomba kiberiti kwa jirani. Upole huo ndio uliomtisha zaidi.

"Nimesema haji."

 Chini ya mlango kivuli cha viatu hakikusogea. Kisha mwalimu akasema taratibu, "Watoto wa siku hizi wana maneno mengi, unajua."

Shangazi hakuwa amemwambia neno lolote.

Viatu vilipoondoka hatimaye, Kidoti hakutoka chini ya meza. Alitoka aliposikia sauti ya baba yake, aliyefika jasho likimtiririka. Kwanza baba hakuamini. "Mwalimu huyu huyu? Anayesifiwa na kila mtu?" Kidoti akashika ncha ya shati lake, akarudia maneno yale ya hewa kuisha. Baba akaketi sakafuni palepale.

Siku hiyohiyo walikwenda polisi, na polisi wakapanda ghorofa ya tatu. Kabati lilikuwa na komeo kwa nje. Ndani, kimo cha mtoto aliyechuchumaa, ubao ulikuwa na mikwaruzo ya kucha, mingine mipya, mingine imeshafubaa. Ilikuwa ya watoto wengi. Mwalimu akateremshwa ngazi, shati lake halina hata kunyanzi.

Shangazi hakupata usingizi wiki nzima. Kilichomtafuna ni kwamba siku zingine, mtoto alipokokota miguu, yeye mwenyewe alimshika mkono, akampandisha juu, akabisha hodi, na kumkabidhi kwa asante nyingi.

Kidoti alihamia kwake. Asubuhi moja, akivaa soksi, aliuliza, "Shangazi, anajua tunapokaa?"

"Yuko kwa polisi, mwanangu."

"Najua. Lakini anajua?"

Shangazi akamfunga kamba za viatu, akazirudia mara mbili.