Samaki wa Kinyozi Aliyepoteza Mistari

Kinyozi hakumwamini mchumba wa dada yake tangu siku ya kwanza. Kisa? Kijana alikuwa na adabu mno, na kwa kinyozi adabu ikizidi, ujue kuna jambo. Baba yao alishafariki, kwa hiyo neno la kuikubali posa lilikuwa la kaka mtu, naye alilikalia kama kuku mayai yake.

Alipokwenda kumuuguza mama yao mdogo, kwa kukosa mtu mwingine alimwachia kijana funguo za saluni, awahudumie wateja na amchunge vizuri samaki wake wa kwenye tangi. Samaki huyo alikuwa mrefu, mwenye sharubu, wa manjano na mistari myeusi. Aliingia kimakosa kwenye mfuko wa samaki wengine, na muuzaji mwenyewe hakumjua. Wafugaji wa kundi la kwenye simu walibishania ukoo wake mpaka wakanuniana.

Kinyozi aliporudi, kitu cha kwanza alichungulia tangi. Samaki alikuwa wa kijivu mwili mzima, mstari hata wa dawa hakuna.

"Huyu si wangu."

"Ndiye, shemeji. Amepauka tu, hata mimi nilishangaa."

"Samaki si kinyonga! Wangu umemuua, ukanitafutia wa kufanana naye."

"Naomba nikueleze, shemeji..."

"Shemeji yako nani? Anayebadili samaki leo, kesho atabadili mke. Posa nimeikataa."

Kijana aliweka funguo juu ya kiti cha kunyolea, akatoka. Kinyozi alijiona mjanja kweli, akatuma kwenye kundi picha ya yule samaki wa bandia. Mfugaji mmoja mkongwe akamjibu upesi:

"Wapo samaki wenye sharubu, wa ukoo mmoja, ambao hupauka hivyo wakigombana. Basi ukoo tumeupata. Sasa anagombana na nani?"

Na nani, wakati wengine wote tangini ni vidagaa wanaomkimbia? Kinyozi aliinama. Samaki alikuwa akijirusha kwenye ubavu mmoja wa tangi, anarudi nyuma, anajirusha tena. Ng'ambo ya ubavu huo kijana alikuwa ameegemeza kioo kikubwa cha kujitazamia, ili wateja waone visogo vyao vizuri. Maskini samaki alikuwa akipigana na sura yake mwenyewe.

Kinyozi alikifunika kioo kwa taulo, akavuta kiti, akangoja. Taratibu mistari ikaanza kurudi. Alifurahi, kisha aibu ikamshika, akampigia dada yake kwa sauti ya asali.

"Dada, mwambie shemeji arudi. Samaki ni yuleyule, nilimwonea bure."

"Umejuaje?"

"Nimefunika kioo, nikakaa nikamsubiri, rangi imerudi."

Nyuma ya dada alisikika utingo wa basi akiita abiria.

"Kwa hiyo samaki umeweza kumsubiri," akasema dada. "Mwenzangu hukumsubiri hata amalize kusema. Tunaondoka wote, kaka. Hilo neno lako la kukubali, baki nalo."