Raki ya Shangazi

Shemeji yake alipoliingiza gari gerejini asubuhi ile, fundi hakuinuka. Alibaki ameinamia breki za pikapu ya mtu, akisikiliza tu, maana mlio ule aliujua hata kabla gari halijakata kona: pampu ya usukani ilikuwa inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Lilikuwa gari la marehemu kaka yake, jeupe la maziwa, taa za duara, na umri wake haukupishana sana na wa fundi mwenyewe. Kaka alilibatiza Shangazi. Alisema ukilikosea adabu halikupi kitu.

Miezi minne ilikuwa imepita tangu wamzike kaka. Miaka saba ilikuwa imepita tangu ndugu hao wawili wazungumze kama ndugu.

"Habari za asubuhi, shemeji," alisema mjane, akishuka huku anajikanda viganja. "Usukani umekuwa mgumu mpaka mikono inaniuma. Na chini linamwaga oili. Nikiliegesha jioni, asubuhi nakuta dimbwi."

"Tangu lini?"

"Kuvuja ni miaka. Marehemu alikuwa anaongeza oili kila Jumamosi, mwishoni ikawa kila siku. Mimi hata sijui inawekwa wapi, wananiongezea vijana wa kituo cha mafuta." Akaangalia mkoba wake. "Nimelipeleka gereji tatu. Wote wanasema vipuri hakuna, uza likawe chuma chakavu. Ndiyo nimekuja kwako, ingawa mwenyewe alikataza."

Fundi sasa akainuka. "Alikataza nini?"

"Wiki ile ya mwisho, hospitali. Alisema gari likinisumbua nilipeleke popote, ila si kwa mdogo wake. Nakwambia mimi mwenyewe kwa sababu sitaki uje kuyasikia kwa watu. Unisamehe."

Fundi alicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kufunika aibu. Kumbe hata kitandani, hata na mipira ya dripu mkononi, kaka alipata nafasi ya kumkumbuka kwa ubaya. Alimwambia shemeji yake aache funguo na arudi kesho kutwa.

Mtaani watu walimwita fundi huyu Chapuchapu. Jina alilipata kwenye gereji ya kaka, alikofundishwa kazi tangu hajui spana ipi inaingia nati ipi, na alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi. Kaka naye walimwita Taratibu. Kazi ambayo Chapuchapu aliimaliza kabla ya chai, Taratibu aliimaliza siku ambayo mwenye gari ameshakata tamaa na kuanza kuuliza bei ya baiskeli. Wateja walitania kwamba ukitaka gari lako leo nenda kwa mdogo, ukitaka lisirudi tena nenda kwa mkubwa. Chapuchapu alicheka na wote, wala hakujisumbua kuupima utani wenyewe.

Ugomvi ulianzia kwenye gari hilihili. Miaka saba nyuma Shangazi alianza kudondosha oili ya usukani, na kaka alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza mama yao. Chapuchapu akaona amfurahishe. Alishusha raki peke yake, lile bomba la chini ya injini lenye mtaimbo wa chuma ndani yake unaosukuma magurudumu kulia na kushoto, akabadilisha sili zake za mpira na kurudisha kila kitu siku hiyohiyo. Kaka aliporudi alimshika bega, akamwambia ahsante. Siku ya nne Chapuchapu alimkuta amelala chini ya gari lile na tochi, kimya, kwa muda mrefu. Alipotoka alijifuta mikono, na mbele ya mafundi wote akasema, "Kuanzia leo kazi za usukani niachieni mimi."

"Zote?" Chapuchapu aliuliza.

"Zote."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Basi tu. Mtu mzima, fundi kamili, amenyang'anywa kazi hadharani kwa maneno mawili. Chapuchapu hakuhitaji kuambiwa zaidi: kaka ameifungua kazi yake, akaifunga upya kwa mkono wake ili isemwe ni yake, na yote ni wivu. Miezi miwili baadaye alihama, akafungua gereji upande wa pili wa mji, na kwa miaka saba hakuna aliyeketi kwenye benchi lake bila kusimuliwa habari za kaka mwenye roho ya korosho. Kila mwaka hadithi iliongezwa chumvi kidogo. Hata msibani, watu walipokuwa wakimsifu marehemu kwa upole, yeye aliitikia kwa kichwa tu huku moyoni akisema hamumjui.

Kwa hiyo alipoliinua gari kwa jeki na kuliweka juu ya vigogo, alikuwa na furaha, na ilikuwa furaha mbaya, na yeye mwenyewe alijua ni mbaya. Gari limevuja miaka mingi. Aliyelifunga mara ya mwisho ni Taratibu mwenyewe. Sasa ataifungua kazi ya bingwa, atamwita shemeji, atamwonyesha kwa kidole: unaona? Alikuwa ameshapanga na maneno. Ndiyo maana alikataza, angesema, aliogopa nisione uchafu wake.

Aliufunga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke, akaweka beseni chini, akafungua mabomba yanayotoka kwenye pampu. Oili ilitoka nyeusi, nyepesi, na kidogo mno. Zile ncha zinazoshika magurudumu alizifungua akihesabu mizunguko, kumi na tisa huku, ishirini na nusu kule, akaandika kwa chaki kwenye sakafu. Raki ikashuka mikononi mwake, nzito, imevaa tope lililochanganyika na oili ya miaka. Aliibeba hadi mezani, akaanza kuipangusa kwa petroli na kitambaa.

Kwenye gereji ya kaka kulikuwa na sheria moja ambayo hata mvivu hakuthubutu kuivunja. Nati yoyote ya breki au ya usukani, ukishaikaza, unachora mstari wa rangi unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma inachokaa. Nati ikilegea, au mtu mwingine akiifungua, mstari unakatika na hauwezi kukutana tena sawasawa. Kila fundi alikuwa na rangi yake. Chapuchapu, siku ile ya haraka, hakuwa na rangi, akaenda nyumbani kuchukua rangi ya kucha ya mkewe, ya zambarau. Mafundi walimcheka hawana mbavu, wakamuuliza kama Shangazi anakwenda kuolewa.

Chini ya tope, kwenye kifuniko cha mwisho wa raki, kitambaa kilifichua mstari wa zambarau.

Aliusugua tena. Ulikuwa umefifia, lakini ulikuwa mzima, umenyooka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma bila kukatika hata upana wa unywele. Akapangusa nati ya pili. Zambarau. Maungio ya bomba refu la kwenye raki yenyewe, zambarau. La fupi, zambarau. Akazunguka meza, akaileta taa karibu, akaikagua raki yote kama mtu anayetafuta mdudu ndani ya mchele, akitamani apate mstari mmoja tu uliovunjika. Hakuupata. Hakuna mkono wa mtu uliowahi kuifungua raki ile baada ya mkono wake.

 Alifungua kifuniko, akauvuta mtaimbo, akaitoa ile sili. Mdomo wa mpira huo ulikuwa umechanika, mpasuko mfupi safi, na alipoisogeza kwenye meno ya mtaimbo, mpasuko uliingia kwenye jino kama ufunguo kwenye kufuli.

Hilo kaka alimfundisha tangu mwaka wa kwanza. Mtaimbo wa raki una meno makali upande mmoja, na sili ni mpira laini. Kabla ya kuipitisha sili juu ya meno unayavika plastiki nyembamba, kipande cha chupa ya maji kinatosha, la sivyo meno yatauchana mpira na hutaona, maana chuma kinafunika. Ni kazi ya dakika kumi. Chapuchapu alikumbuka sasa, tena bila kujilazimisha: kipande cha plastiki kilikuwa tayari mezani siku ile, amekikata mwenyewe, lakini kilikuwa kinatelezateleza. Akakitupa, akajiambia itapita tu. Na kweli ilipita.

Aliketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza. Kaka alilala chini ya gari lile na tochi. Aliliona tone likijikusanya, aliiona mistari ya zambarau, na kwa mtu kama Taratibu hayo yalitosha kujua kila kitu. Angeweza kumuumbua palepale, mbele ya wote. Angeweza kuifungua siku nyingine na kuirekebisha, lakini mistari ingevunjika, na siku yoyote mwenye mistari akichungulia chini ya gari angejua. Usukani si redio, ukiharibika barabarani unaua watu, basi akachukua kazi zote za usukani mikononi mwake, akasema basi tu. Kisha akaanza kumimina oili. Kila Jumamosi, miaka saba, huku mdogo wake akimpaka matope upande wa pili wa mji, na habari zenyewe zikimfikia, maana mji wenyewe si mkubwa kiasi hicho.

Chapuchapu alilia. Hakulia msibani, na sasa kilio kilimjia vibaya, huku kile kimpira kilichochanika kikiwa kiganjani.

Kesho yake alizunguka maduka ya vipuri na sili ile kwenye mfuko wa shati, mpaka muuzaji mmoja mwenye miwani akaipima kwa kipimo chake na kumtolea nyingine ya gari jingine kabisa, saizi ileile. Akarudi, akausugua mtaimbo kwa msasa laini mpaka ukang'aa. Akakata plastiki, akayavika meno, akaipaka oili, akaisukuma sili kwa vidole gumba viwili polepole, akasimama, akakagua, akaendelea. Ilimchukua muda mrefu. Mteja wa pikapu alikuja akakuta breki zake bado zimelala mezani, akauliza leo Chapuchapu ana nini. 

Alirudisha raki, akahesabu mizunguko yake, akajaza oili mpya, akazungusha usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho mpaka mapovu yakaisha na pampu ikanyamaza. Akalaza gazeti chini ya gari usiku kucha. Asubuhi lilikuwa kavu.

Shemeji alikuja kama walivyoahidiana. Aliketi nyuma ya usukani, akawasha, akauzungusha kwa mkono mmoja, kisha kwa kidole kimoja. Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Kumbe ni mwepesi hivi," alisema. "Shemeji, usukani ulikuwa na nini?"

Jibu lilikuwepo, jepesi, na halikuwa hata uongo mkubwa: mpira umezeeka. Fundi alishika ukingo wa dirisha. Alimtazama mwanamke huyu ambaye alipika, akafua, akauguza, na ambaye kwa miaka saba aliketi katikati ya ndugu wawili wasiosemezana.

"Ni mimi," alisema. "Kosa lilikuwa langu. Miaka saba iliyopita, mama alipokuwa mgonjwa, nilifunga sili ya usukani vibaya kwa sababu ya haraka. Kaka alijua siku ya nne tu. Hakutaka nijue. Ndiyo maana hakulifungua, ndiyo maana alikataza usilete kwangu. Alijua nikifungua nitaona."

Akamwonyesha sili. Shemeji aliichukua, akaigeuzageuza bila kuelewa vizuri anachotazama, lakini alichoambiwa alikielewa. 

"Na mimi nimekuwa nikimsema kwa watu," fundi aliendelea. "Kila mtu. Nimemsema hata..."

"Siku ile aliponikataza," mjane alimkata, kwa sauti ndogo, "nilimwambia ana roho mbaya. Alikuwa amelala hivi, mfupa mtupu, na mimi nikamwambia, kweli unakufa na kinyongo na mtoto wa mama yako? Nikamwambia Mungu hapendi. Alinitazama, shemeji. Alinitazama kama anataka kusema neno. Halafu akageukia ukutani. Jioni yake akapoteza fahamu, na hatukusema naye tena."

Injini ilikuwa bado inaunguruma. Fundi alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaketi kando yake na nguo zake zenye grisi, asijali kiti.

"Sasa tutamwambiaje?" shemeji aliuliza.

 Fundi alinyoosha mkono akaizima injini, na wakabaki ndani ya gari wakilia wote wawili, hadi mwenye pikapu alipokuja akawaona, akarudi nyuma.