Mwitaji wa Viti vya Juu

Kwa miaka arobaini, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimwita Iwazo jukwaani. Vigogo wa kabuki, maigizo ya jadi ya Japani, pale Osaka huitwa kwa sauti na watazamaji, kama kusifiwa, kutoka kila pembe ya ukumbi. Yeye, mwigizaji wa sehemu ndogondogo, alikuwa na Tokuji tu, muuza tofu, ile jibini ya soya, swahiba wake tangu utotoni, aliyekaa viti vya juu kabisa, vile vya bei poa. Iwazo akishaganda kwenye pozi lake, macho kayatoa, vibao vya mbao vikapigwa sakafuni ta-ta-ta vikakoma, basi Tokuji hukipasua kile kimya: "Mizuhaya!" Ndilo jina la ukoo wa Iwazo katika sanaa. Kila akiitwa, mwili ulimsisimka.

Mwaka jana Tokuji akaita mapema, vibao bado vinalia. Watu wakaangua kicheko, pozi likaharibika. Iwazo naye, mtu mzima hovyo, akamvaa kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi.

"We mzee umerogwa? Masikio umeyasahau kwenye ndoo ya tofu? Usiniite tena! Sitaki hata kuisikia sauti yako!"

Tokuji alikuwa akimtazama midomo. "Haya, bwana," akasema, akaenda zake.

Tangu hapo Iwazo akawa anaganda, na ukumbi kimya. Lo, kimya kile! Alimkumbuka rafiki yake, lakini aibu ilimzuia kwenda kuomba radhi. Akawa anakula peke yake, anafuta rangi usoni peke yake.

Leo alikuwa analiaga jukwaa, maana magoti yamegoma. Fumie, binti wa Tokuji, aliingia na tofu, akamkuta anajipaka rangi nyeupe usoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Baba yako hajambo?"

"Hajambo. Ila masikio ndiyo basi tena, mwaka wa tatu huu. Alikuwa anakuita kwa kuangalia mikono ya mpiga vibao. Siku ile macho yakamdanganya. Alinikataza nisikwambie."

Brashi ikamponyoka Iwazo. "Nami nikamtukana masikio! Jamani, mimi ni mtu gani?"

"Hajakosa onyesho hata moja, mjomba. Yuko palepale kila siku, kanyamaza."

"Kamwambie leo aniite! Akikosea, na akosee! Mwambie namwomba, Fumie, namsihi."

Saa nane mchana aliganda, mguu mmoja juu, goti likimwaka moto. Vibao vikakoma. Akafanya jambo ambalo mwigizaji hafanyi: akainua macho mpaka viti vya juu. Tokuji alikuwepo, kando ya Fumie, kavaa koti lake la sherehe. Iwazo akamwashiria kwa kidevu: sasa, ndugu yangu, sasa.

Tokuji akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akatikisa kichwa kukataa. Machozi yalikuwa yanamchuruzika. Kinyongo hakuwa nacho hata chembe. Aliogopa tu kuliharibu pozi la mwisho la rafiki yake.

Iwazo akangoja. Akangoja mpaka mpiga ngoma akakohoa. Kisha akaushusha mguu, akaendelea na igizo bila kuitwa.