Plagi Ndefu za Mzee Ngeleja

Enzi za uhaba, mtu wa Bariadi hakuchagua plagi ya injini ya gari. Aliandika barua ya maombi, akasubiri miezi, akapewa alichopewa na akashukuru. Sasa biashara ilikuwa imeruhusiwa, na Mzee Ngeleja, mnunuzi wa ng'ombe, alisimama dukani kwa Marcelo akitazama aina kumi na moja za plagi huku jasho likimtiririka. Uhuru wa kuchagua ulikuwa umemfikia siku mbaya.

Nje ilisimama Landrova yake ya mwaka sitini na moja. Ndani yake lilikuwamo tranka la binti yake Kwandu, aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Kesho ilikuwa siku ya mwisho ya kuripoti. Akiikosa treni inayopita stesheni ya Malampaka saa kumi na mbili jioni, nafasi yake ingekwenda kwa mtoto wa mtu mwingine. Saa nane ilikuwa imepita, na plagi moja kati ya nne ilikuwa imekufa tangu walipopita Somanda.

"Baba, tununue moja tu," Kwandu alisema.

"Moja? Utamfunga maksai mpya na wazee watatu kwenye plau moja?"

"Hii si plau, baba."

Ngeleja aliziinamia zile plagi. Alichagua kama alivyochagua maksai kwa miaka thelathini: mwenye kiwiliwili kirefu ndiye mvutaji. Akatwaa nne zilizozidi nyingine zote kwa urefu, zinazong'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Hizo ndefu, mzee," Marcelo alionya. "Na hazirudishwi."

"Wewe uza. Nimepima wanyama kabla hujaota ndevu."

"Tuzilinganishe na za zamani kwanza," Kwandu aliomba.

"Mayu, mama yangu, tunachelewa!"

Alizifunga kwa heshima zote, akachomeka hendeli ya kuwashia mbele ya gari, akazungusha. Ko! Hendeli ikagoma. Akaikamia kwa mwili mzima. Ko! Ko! Kwandu alipofungua plagi ya kwanza, ncha yake ilikuwa imelala bapa. Pistoni ilikuwa imeikanyaga. Zote nne zilikuwa hivyo hivyo.

Ngeleja aliketi vumbini. Mtamba wa mwisho alikwisha kuuzwa kwa ajili ya ada, na pesa ya mwisho ilikuwa ndani ya zile plagi.

"Nimekufukuzisha shule kabla hujaiona," alisema.

Kwandu alikuwa tayari anazirudisha za zamani, tatu nzima na moja maiti. Landrova ikakohoa, ikawaka vilevile kama ilivyokuja. Saa nzima ilikuwa imepotea bure.

Ilijikokota hadi Malampaka kwa silinda tatu, kila kilima kikiwa msiba. Walipofika stesheni, treni ilikuwa imeanza kuondoka.

"Acha tranka! Kimbia!"

Kwandu alikimbia. Ngeleja, tranka kichwani, alimfuata akihema kama fahali aliyechinjwa vibaya. Mikono ya abiria ilimdaka binti na kumvuta ndani.

"Barua ya shule unayo?" mzee alipiga kelele.

"Ninayo!"

Ndipo Ngeleja akasimama. Shuka, sabuni, sufuria, vyote vilibaki kichwani pake. Lakini barua ilikuwa inakwenda, na mwenye barua pia.

"Baba!" sauti ilitoka dirishani, ikizidi kufifia. "Ukienda dukani, beba plagi ya zamani! Pima kwanza!"

"Nitapima!" alijibu mzee, na tranka likatikisika pamoja na kichwa chake.