Chupa za Uzi Mwekundu

"Mama Elia, una hakika humpi mtoto maziwa ya kopo?"

"Ananyonya tu, dada. Nikiwa kazini anakunywa ninayokamua."

Nesi Sieni alikuwa akipima damu ya watoto wa miezi sita hapa kisiwani Savaii, wanaonyonya na wa kopo, kulinganisha madini ya chuma. "Wanaonyonya tu, umri huu chuma chao huwa chini kidogo. Cha wako kiko juu, sawa na wa kopo."

"Ni vibaya?"

"Si vibaya. Ila kopo anampa nani?"

Nilitoka pale damu inanichemka. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kufua mashuka hotelini, nakamua nikisinzia, nazifunga chupa uzi mwekundu uwe alama ya maziwa yangu, namwachia mama mkwe, Fuatino. Jioni nazikuta tupu, zimeoshwa. Sasa nikaanza kukumbuka mambo: mdomo wa Elia kunukia utamu nisioujua, choo chake kuwa kigumu, mama mkwe kubadilisha mazungumzo nikiuliza. Alikuwa anayamwaga maziwa yangu. Yule mama hakunipenda tangu siku ya harusi.

Kesho yake nikamdanganya msimamizi kwamba tumbo linaniuma, nikarudi mchana. Elia alikuwa amelala mkekani, kashiba, babu yake anampepea.

"Mama yuko wapi?"

"Yupo," akasema mzee, bila kuniangalia.

Ng'ambo ya ua, nyumba ya wifi yangu Natia, aliyejifungua miezi miwili nyuma, ilikuwa imeshushwa mapazia pande zote. Nyumba zetu hazina kuta. Mapazia ya makuti tunashusha mvua ikinyesha. Siku hiyo jua lilikuwa linachoma.

Nikainua pazia. Mama mkwe alikuwa amekipakata kichanga cha Natia, anakinywesha kwa chupa yenye uzi mwekundu. Natia akajifunika uso kwa kanga.

"Kumbe mwizi ni wewe," nikasema.

"Sema polepole. Maziwa ya Natia hayatoki, na huyu ya kopo anayatapika yote. Elia wako hachagui, ukimpa ya kopo anakunywa."

"Si ungeniomba, mama?"

"Nikuombe wewe? Ukisikia neno asubuhi, mchana wanalo kanisa zima. Wangemcheka Natia mpaka akimbie kijiji."

Iliniuma, kwa sababu mdomo wangu naujua.

Chupa ikaisha. Kichanga kikaanza kulia, kilio chembamba cha mtoto ambaye hajashiba, na blauzi yangu ikalowa kifuani kabla sijaamua lolote. Hasira nilikuwa nazo bado. Nikaketi, nikakichukua kutoka mikononi mwa mama mkwe, nikafungua vifungo.

"Shusha pazia, mama," nikamwambia. "Watu wataona."