Wageni wa Kundi la Nne

Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, katibu wa kanisa la Sabato huko Nyaramba aliwaomba wageni wasimame. Panya weupe sita walisimama kwenye benchi la pili. Walikuwa wametoka Kisii mjini kwa gari la maziwa, na mikia yao ilikuwa na namba za wino.

Phanice aliwatambua mara moja, kwa kuwa ndiye anayewalisha katika maabara ya chuo. Kundi la pili hunyweshwa dawa ya kuua wadudu peke yake. Kundi la nne hunyweshwa dawa ileile, kisha maji ya chinsaga, ile mboga chungu ambayo kila nyumba hapa huipika kwa maziwa.

"Mumetoka wapi, na mumeletwa na nani?" katibu aliuliza. Daftari la wageni kwake halina mzaha.

"Maabara, kundi la nne," alisema panya namba ishirini na mbili. "Hakuna mtu ametuleta. Sisi tuko sawa. Kundi la pili wanawasalimia, lakini miguu yao inatetemeka, hawangeweza kupanda gari."

"Amina," kanisa likaitikia.

Panya hakuketi. Alikuwa akimtazama Joash, mume wa Phanice, ambaye kwa mwaka wa tatu sasa anapulizia dawa ya wadudu kwenye shamba la nyanya la mzee Machogu kwa mikono mitupu. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kikimtetemeka mikononi.

"Na huyu ndugu yetu ako kundi gani?"

Phanice alisikia uchungu hadi akainamisha kichwa. "La pili," alisema.

Katibu aliandika.

Machogu alikuwa ameahidi kuleta glavu na barakoa kesho yake, Jumapili. Baada ya ibada alimshika Joash bega. Alifurahi kwa dhati, tusimwonee.

"Umesikia wageni? Chinsaga inatosha. Glavu za nini tena? Nitaambia mama Ogari, yule mpishi wangu, akupikie hapo shambani."

"Mzee, hawa wanapewa matone," alisema Phanice. "Joash analowa dawa mwili mzima."

"Na wamesimama mbele yetu wazima," alisema Machogu, akaenda kusalimia watu wengine.

Gari la maziwa lilipokuja, panya namba ishirini na mbili alimuaga Phanice. "Sabato ijayo hatutakuja. Alhamisi mnatupasua."

"Najua," alisema Phanice. "Pole."

Jumapili Joash alikula sahani mbili za chinsaga, akajitwika pampu mgongoni, akaingia kwenye nyanya. Alifanya hivyo hivyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Alhamisi Phanice alipima maini ya kundi la nne. Yalikuwa mekundu, laini, mazuri kuliko walivyotarajia, naye akaandika hivyo kwenye ripoti kwa sababu ilikuwa kweli. Jioni alirudi nyumbani, akamvua mumewe shati lililolowa dawa, kisha akamshikia kikombe cha chai ili anywe.