Nzuri, Ila

“Geukia dirishani, shangazi,” nilimwambia, naye akageuka huku bado akicheka, na mwanga ukamwingia machoni. Weupe haukuwepo. Mahali pake palikuwa na rangi ya karatasi iliyosahauliwa juani.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kwenye fomu iliyolala mezani nilikuwa nimeshaweka alama katika kisanduku cha kwanza: nzuri.

Shangazi ndiye aliyenilea. Hata ule ukarani niliupata kwa mdomo wake: alikuwa mfagizi pale kituo cha utafiti, akamng’ang’ania mtafiti mkuu mpaka mwenyewe akachoka. Na walipotakiwa watu arobaini wa kunywa chai ya majaribio, yeye ndiye aliyejiandikisha wa kwanza, mwanawe asije akakosa watu.

Mtafiti tulimwita Kipimo, maana hata mvua hakuisifu kabla ya kuipima. Alikuwa akichunguza chai ya mzizi mchungu uliosemekana kuuzoesha mwili kubeba mawazo. Vikombe viwili kwa siku, wiki kumi na mbili, na kila Jumatano wanywaji walipita kwangu niwajazie fomu. Swali la kwanza: Habari ya afya yako wiki hii? Nzuri, wastani, mbaya. Ukiweka alama kwenye nzuri, unayaruka maswali kumi na moja na kutua kwenye sahihi.

Nani kati yetu aliwahi kuulizwa habari akajibu mbaya? Mtu anatoka kuzika, anaulizwa habari, anasema nzuri, kisha anavuta pumzi na kusema ila. Habari yenyewe hukaa nyuma ya hiyo ila. Mtoto anayejifunza kuamkia analijua hilo. Nami nililijua. Lakini foleni ilikuwa ndefu, Kipimo alipenda fomu safi, na mimi niliyeishia darasa la sita nilipenda kusifiwa mwandiko. Wakisema nzuri, kalamu imeshagusa karatasi. Wakivuta pumzi, nimeshaita anayefuata.

“Macho haya tangu lini?” nilimuuliza shangazi.

“Nilikwambia wiki ya sita, baba. Nikasema nzuri, ila mkojo umekuwa mweusi kama chai yenyewe. Ukaniambia nimpishe mwenzangu.”

“Na hukurudia?”

“Ulikuwa kazini. Ningekuaibishaje mbele za watu?”

Ilikuwa wiki ya tisa. Nilipanda ngazi kwenda kwa Kipimo. Niliogopa kufukuzwa, na niliogopa zaidi kwamba shangazi angekauka pale kwenye kiti huku wanaume wawili wakibishana juu yake.

Tukabishana kweli. Kipimo alinionyesha mchoro wake ubaoni, mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi: wiki tisa, watu arobaini, hakuna aliyelalamika. Alisema macho huwa mekundu, huwa ya njano, ni vumbi, ni uchovu, na kwamba karani hapimi ini kwa kutazama. Kisha akalivuta rundo la fomu na kuligonga kwa kidole.

“Huu si mwandiko wako?”

“Mwandiko ni wangu,” nilisema. “Majibu si yao.”

Akaliachia rundo lile. Ningependa kusema alikuwa shetani. Ingenirahisishia hotuba zangu zote. Lakini alishuka ngazi kwa kukimbia, koti likipepea, na alipomtazama shangazi, midomo yake ndiyo iliyokauka. Akaagiza damu itolewe papo hapo, na birika zifungiwe kabatini.

Ini la shangazi lilikuwa limevimba. Alilazwa wiki tano, na siku nne kati ya hizo hakunijua mimi ni nani. Alitoka mzima, nusu ya alivyoingia.

Baada ya hapo nilijisomea. Nimezipekua ripoti za watafiti nikitafuta mahali walipowakatiza watu maneno, na nimezisoma kwa sauti mikutanoni mpaka nikatolewa nje. Wanaonisikiliza hudhani nina hasira na madaktari. Nayo ipo. Ila kubwa zaidi ni ile niliyo nayo kwa mkono huu unaoshika kalamu.

Kinachonitoa jasho hadi leo si wodi. Ni mchana ule ule, shangazi alipokwisha kupakiwa garini, nikarudi chumbani kwangu na kuona benchi la nje limejaa. Wote walikuwa wamekunywa asubuhi ile.

Nikazigeuza fomu kifudifudi. Nikamwita wa kwanza, fundi viatu, mtu wa mizaha.

“Mheshimiwa,” alisema akiketi, “leo umechelewa, au nawe wamekuonjesha?”

Nikamwambia siandiki chochote. Nikamuuliza kinachomsumbua ni kitu gani, nikanyamaza.

Akacheka. Akaniangalia, akaona bado nimenyamaza. Akatupa jicho kwa wenzake pale benchini, akainuka, akausukuma mlango taratibu mpaka ukajifunga. Kisha akarudi, akaanza kukunja mkono wa shati.